Saa Sita ya Nani

Risasi huanza kuanguka pale pale inapotoka kwenye mtutu. Watu hudhani inakwenda moja kwa moja, halafu mbele huko inachoka. Si kweli. Inaanguka tangu mwanzo. Anayetaka ifike lazima aielekeze pasipo na kitu, juu ya kile anachokitaka, kisha aiache ianguke mpaka ikutane nacho. Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na minane, na sijawahi hata siku moja kuielekeza bunduki yangu kwenye Ubao. Darubini ndiyo iliyoutazama Ubao. Mtutu ulitazama mawingu. Kati ya kile unachokitazama na kule unakoelekea kuna pengo, na pengo hilo sisi hulipima kwa meno.

Juu ya darubini ya bunduki kuna gurudumu dogo la shaba. Ukilizungusha linalia tik, linakwama kidogo, tik, linakwama tena. Kila tik tunaiita jino. Ukizungusha kwa kulia unapandisha, kwa kushoto unashusha. Risasi ikipiga juu, unashusha. Ikipiga chini, unapandisha. Elimu ya upigaji ni hiyo tu, na mtu anaweza kuijua yote asubuhi moja kisha akaharibikiwa nayo maisha yake yote.

Nchi hii haina jina. Aliyejaribu kuipa jina alikosa shabaha, na jina likaenda na risasi bondeni. Upande wa huku kuna Mstari, ambako tunalala kifudifudi kwenye mikeka. Upande wa kule kuna Ubao, mweupe, mpana kama ukuta wa nyumba, na katikati yake duara jeusi ambalo kwa macho matupu ni punje ya pilipili manga. Katikati ni bonde. Jirani yangu mmoja alivuka kwenda kuhesabu matundu ya Ubao akarudi akiwa mdogo wangu. Tulicheza pamoja siku chache, halafu nikamsahau. Kwa hiyo hatuvuki. Tunapiga, tunangoja, tunaambiwa.

Tunaambiwa, kwa sababu mpigaji hauoni mwisho wa risasi yake. Bunduki inakupiga bega, jicho linaruka, na linaporudi vumbi limekwishatua. Ndiyo maana kila mpigaji ana Jicho lake, mtu anayelala hatua tatu nyuma yake na darubini ya miguu mitatu. Jicho haliongei mengi. Linasema saa na linasema meno. Uso wa Ubao ni uso wa saa: risasi imepiga saa ngapi, na iko mbali na katikati kwa meno mangapi. Basi. Ikiingia kwenye duara jeusi, Jicho husema maneno mawili, "Haina saa," maana katikati ya saa hakuna saa yoyote.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili na sikulipenda. Anayekuambia ulipokosea ndiye anayekutawala. Aliyekushinda ukikutana naye njiani unaweza kumkwepa, na anayekulisha unaweza kumnunia. Lakini yule aliyelala nyuma yako, ambaye ndiye pekee anayejua ulikoangukia, huyo amekushika. Akikaa kimya, hujui kama ulipiga. Wala hujui kama ulikuwepo.

Jicho langu ni Sikitu. Sikitu ni mke wangu.

Sasa niseme habari ya saa, maana ndiko mambo yalikoharibikia.

Mimi niliacha shule darasa la nne, wiki ile ile mwalimu alipoleta saa ya boksi na kuitundika ukutani. Wenzangu wakafundishwa tarakimu zake. Mimi nilikuwa shambani, na saa nikafundishwa na jua. Jua likiwa utosini ni saa sita. Hiyo ndiyo saa sita ninayoijua: iko juu, na mishale yote miwili ya saa inaelekea juu. Kwamba pale juu pameandikwa kumi na mbili, hilo ni la mwandishi. Sikitu naye alilelewa hivyo hivyo. Akisema "saa sita," risasi imepiga juu, nami nashusha. Akisema "saa kumi na mbili," imepiga chini, nami napandisha. Miaka ishirini na minane hatujawahi kuelezana hili. Hakuna mtu anayemweleza mkewe kwamba juu ni juu.

Ngwali alikuja Mstarini msimu uliopita. Mpigaji mzuri, sitamnyima hilo. Mrefu, mikono haina haraka, anacheka kabla ya wengine kuona kichekesho kiko wapi. Ametoka upande ambao watu huisoma saa kama ilivyoandikwa. Kwao sita ni ile tarakimu ya sita, nayo imeandikwa chini kabisa. Saa sita ya Ngwali ni chini. Saa sita yangu ni juu. Neno ni moja. Mtu angeweza kuishi na Ngwali nyumba moja mpaka uzeeni, akala naye sahani moja, bila kujua kwamba wanapotaja saa ile ile mmoja ana jua kichwani na mwingine ana nchi chini ya miguu.

Hakuwa na Jicho. Mimi ndiye niliyesema Sikitu amwangalilie kwa muda. Nilisema mbele za watu, kwa sauti, ili wajue kwamba mimi si mtu wa wivu. Mtu asiye na wivu halazimiki kusema. Nilijua hivyo hata nilipokuwa nasema.

Mwanzo Ngwali alimwita shemeji. Baadaye akamwita Bi Sikitu. Asubuhi ya mashindano nilimsikia akiita Sikitu, hivyo tu, kama mtu anayeomba kitu kilicho karibu na mkono wake. Na kwenye mkono wa mke wangu kulikuwa na saa. Saa ya mkanda wa ngozi, yenye tarakimu kubwa. Nikamuuliza Sikitu imetoka wapi. Aliyejibu ni Ngwali.

"Nimempa shemeji, kaka. Ili tuelewane."

Aliniita kaka. Akarudi kwenye shemeji kwa sababu nilikuwepo. Niliisikia ile hatua aliyorudi nyuma, na mtu hawezi kurudi hatua ambayo hakuwa ameipiga.

Kisha akalala mkekani, akapiga risasi ya kupasha mtutu moto. Sikitu akatazama, akasema, "Saa sita, meno mawili." Nikautazama mkono wa Ngwali. Kwa saa yangu angeshusha. Alizungusha gurudumu kwa kulia. Akapandisha meno mawili, akapiga, na Sikitu akasema, "Haina saa."

Sikiliza nilichokiona. Si kwamba alipiga katikati. Wengi wamepiga katikati. Niliona kwamba mke wangu alikuwa ametamka saa sita akimaanisha chini. Mdomo ule ule. Neno ambalo kwa miaka ishirini na minane lilikuwa na jua ndani yake, amelipindua kichwa chini miguu juu na kumpa mtu mwingine. Kama ningewakuta wameshikana mikono ningejua la kufanya. Kuna desturi za mambo hayo, kuna wazee wa kuitwa, kuna maneno ya kusema. Lakini utamshitaki vipi mtu kwa sababu mke wako amejifunza saa yake?

Ngwali akasimama, akakung'uta magoti, akaenda kwa Mbaruku, karani anayeshika bendera ya Mstari, akadai haki. Desturi yetu inasema mpigaji asiye na Jicho akipiga katikati kwa Jicho la mwenzake, anaweza kulidai liwe lake moja kwa moja. Mwenye Jicho hujibu kwa risasi tano. Moja tu ikiingia katikati, Jicho linabaki. Zote tano zikikosa, Jicho linahama mkeka, linahama nyumba, linahama jina. Hakuna rufaa.

Mbaruku alimuuliza Sikitu kama ana neno. Kwa desturi ile, Jicho haliulizwi, lakini Mbaruku ni mtu wa kutafuta maneno pale yasipotakiwa. Sikitu alikuwa anafuta kioo cha darubini yake kwa ncha ya kanga. Hakunitazama mimi, wala hakumtazama Ngwali.

"Nitakaa na anayenisikia," akasema.

Jua likasimama utosini. Siku ya kujibu dai, katika nchi hii, jua husimama hapo na halisogei mpaka risasi ya mwisho ipigwe. Hakuna mtu mwenye kivuli. Nililala kwenye mkeka wangu bila kivuli, nikaweka shavu kwenye mti wa bunduki, na nyuma yangu, hatua tatu, nikasikia pumzi ambayo nimelala nayo zaidi ya usiku elfu kumi. Nikajiuliza inapumua kwa saa ya nani.

Risasi ya kwanza.

Risasi yetu huchukua hewani muda wa kutaja jina lako na la baba yako. Chande Mwinyimvua. Nikataja moyoni, nikangoja.

"Saa sita, meno manne."

Sasa. Mtu mwenye akili angefanya alichofanya siku zote. Saa sita, juu, shusha manne. Mkono wangu ulikuwa umekwishaanza kwenda kushoto wenyewe, kama miguu inavyojua njia ya msalani gizani. Nikauzuia.

Kwa saa ya nani? Nilimsikia asubuhi. Nilisikia kwa masikio haya. Saa ya mkono wake ina sita chini, naye anaitazama kila wakati, ameizoea, imemwachia alama nyeupe kwenye ngozi. Nilijua ina alama chini yake, ingawa sikuiona. Mtu hawezi kuwa na juu mbili. Ukikubali kwamba juu ni chini kwa mtu mmoja, umekubali kwa wote. Kwa hiyo ananisemea saa ya Ngwali. Anaisema kwangu bila hata kujua, kama mtu anayemwita mumewe kwa jina la mwingine na kuendelea kula. Nilitaka asijue. Nilitaka pia ajue. Nikazungusha kwa kulia. Tik, tik, tik, tik. Nikapandisha meno manne kwa uchungu ambao, nasema kweli, ulikuwa na utamu ndani yake. Nilikuwa nimemshika.

Risasi ya pili. Chande Mwinyimvua.

"Saa sita, meno manane."

Hesabu hii hata aliyeacha darasa la nne anaiweza. Ukisahihisha upande usio wake, kosa linazidi mara mbili. Lilikuwa manne, nimeongeza manne, sasa ni manane. Maana yake risasi ilikuwa juu tangu mwanzo. Maana yake saa sita ilikuwa ya jua. Maana yake mke wangu alikuwa amenisemea saa yangu, na mimi ndiye niliyesikiliza ya Ngwali.

Niliiona hesabu hiyo yote, ikiwa imesimama mbele yangu kama mtu mlangoni. Sikumfungulia.

Kwa sababu ningemfungulia, asubuhi yote ingekuwa si kitu. Hatua ile ya shemeji ingekuwa si kitu, saa ya mkanda wa ngozi si kitu, na mimi ningebaki nimelala mkekani nikiwa mtu aliyemdhania mkewe ubaya kwa sababu ya tarakimu. Hilo lilikuwa zito kuliko kusalitiwa. Aliyesalitiwa ana heshima yake. Watu humwekea kiti. Nilihitaji kosa liwe lake, na kwa ajili hiyo risasi ilikuwa lazima iwe chini. Nikajiambia hewa ya bonde imekuwa nzito. Nikajiambia baruti ni ya zamani, risasi inalegea, inadondoka. Nikajiambia anazidisha namba kwa makusudi ili nichanganyikiwe. Wivu haukosi sababu. Ukweli unaweza kuja na sababu moja tu na kukaa nayo, lakini wivu unakuja na kapu zima na kukwambia chagua.

Nikapandisha manane.

Risasi ya tatu. Vumbi liliruka mahali fulani na watu walioketi nyuma ya kamba wakacheka. Ngwali, ambaye alikuwa amesimama karibu na Mbaruku akitafuna jani la nyasi, akasema kwa sauti ya upole kabisa:

"Leo kaka anawinda ndege."

Watu wakacheka tena. Mbaruku akasema kama ni hivyo basi mboga ya jioni ipo. Sikitu hakucheka.

"Saa sita, meno kumi na sita," akasema.

Anawinda ndege. Mshindani wangu mwenyewe alikuwa ameniambia, mbele za watu, kwamba risasi zangu ziko juu. Na mimi nikafikiri: kwa nini aniambie? Mtu anayetaka mke wako hakwambii risasi yako iko wapi. Akisema juu, basi iko chini. Anataka nishushe. Wamepanga: yeye Sikitu anasema, yeye Ngwali anathibitisha, mimi nashusha, risasi inazama kwenye matope ya bonde, na jioni wanahamisha mkeka. Unaona jinsi ilivyokaa vizuri. Hakukuwa na tundu. Sijawahi maishani kufikiri kwa mpangilio mzuri kama nilivyofikiri pale, na kila nilichofikiri kilikuwa uongo.

Nikapandisha kumi na sita. Mwisho wa mzunguko gurudumu liligonga ukomo, likakataa. Halikuwa na jino lingine la kunipa.

Risasi ya nne.

Chande Mwinyimvua.

Nikangoja.

Nikataja tena, polepole. Chande. Mwinyimvua.

Kimya.

Halafu Sikitu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeinua uso kutoka kwenye kioo: "Sikuiona."

Miaka ishirini na minane hakuwahi kusema neno hilo. Aliona risasi zangu kwenye ukungu. Aliona risasi zangu akiwa na homa, akiwa na mimba ya mtoto ambaye hakukaa, akiwa amenuna siku tatu. Aliziona hata zile nilizopiga kwa hasira mahali pasipokuwa na Ubao. Sasa kulikuwa na risasi moja yangu duniani ambayo hakuna mtu aliyejua ilikwenda wapi, na nikahisi kwamba sehemu yangu imekwenda nayo. Mtu akikosa na akaonwa, amekosa. Akikosa asionwe, amepungua.

Nikatazama kwenye darubini ya bunduki. Kule ng'ambo, chini ya Ubao, nikaona mkeka. Juu ya mkeka kulikuwa na mtu amelala kifudifudi, bunduki yake imenielekea mimi. Hatua tatu nyuma yake alikuwa amelala Sikitu. Nikadhani yule mtu ni Ngwali na damu ikanipanda. Nikakaza jicho. Hakuwa Ngwali. Alikuwa mimi, na shavu langu, na kovu langu la kidevu, na mkononi amevaa saa ya mkanda wa ngozi. Alikuwa anapandisha. Nilisikia meno yake kutoka ng'ambo ya bonde, tik, tik, tik, na kila jino lilipolia mtutu wake ulipanda kidogo, ukanipita, ukaenda mawinguni. Alikuwa anashindwa kunipiga kwa sababu alikuwa anakataa kushusha. Na mimi nililala pale nikiwa Ubao, nikimwonea huruma, nikitaka kumwambia shusha, mpumbavu wewe, shusha. Lakini Ubao hausemi. Ubao hupigwa tu.

Nikafumba jicho. Nilipofumbua, ng'ambo kulikuwa na ukuta mweupe na punje ya pilipili manga.

Ilibaki risasi moja.

Hakuna sheria inayomkataza mpigaji kumuuliza Jicho lake. Lakini hakuna anayeuliza. Ni aibu. Ukimuuliza umekiri mbele ya Mstari mzima kwamba humjui uliyelala mbele yake maisha yako yote. Nimeona wanaume wakipoteza Macho yao kwa kukosa risasi tano huku wamefunga midomo, na watu wakawasifu. Nikasikia Mbaruku anakunjua bendera. Nikasikia Ngwali anatema jani.

Nikageuza kichwa. Jasho lilikuwa limeingia machoni, sikumwona vizuri. Niliona kanga, niliona kioo, niliona ile saa.

"Sikitu," nikasema. "Saa sita ya nani?"

Kicheko kilianza nyuma ya kamba kikafa. Ngwali aliinamisha uso. Naye alikuwa ameelewa, nadhani, kabla ya wengine wote, na alionekana kama mtu aliyesikia kitu cha chumbani kwa watu.

Sikitu alinitazama kwa muda mrefu. Sikujua uso wake ulikuwa umechoka kiasi kile. Miaka yote alikuwa nyuma yangu.

"Ya jua, Chande. Ngwali nilimsemea yake kwa sababu hajui nyingine. Wewe sijawahi kukusemea isipokuwa yako."

Akarudisha jicho kwenye kioo.

Mtu angedhani hapo wivu ungekwisha. Ulisogea tu, ukakaa vizuri zaidi. Ana saa mbili, uliniambia. Amekwambia mwenyewe. Kichwani mwake kuna chumba chenye jua na chumba chenye tarakimu, na anaingia kimoja na kutoka kingine bila kujikwaa. Wewe una kimoja tu.

Nikashika gurudumu, nikaanza kushusha.

Nilikuwa nimepandisha manne, na manane, na kumi na sita. Ishirini na manane. Chini ya hayo kulikuwa na yale manne ya kwanza kabisa, kosa nililoanza nalo kabla Ngwali hajasema neno. Jumla thelathini na mawili, kinywa kizima cha mtu mzima. Nilikuwa nimemjengea wivu kinywa, sasa nilikuwa naking'oa jino moja moja kwa kidole gumba na cha shahada. Tik, hatua ya shemeji. Tik, mkanda wa ngozi. Tik, kicheko chake Ngwali cha kabla ya kichekesho. Tik, siku niliyosema mbele za watu kwamba sina wivu. Tik, siku Sikitu alipocheka jikoni peke yake nikanyamaza kumsikiliza anacheka nini. Tik. Tik. Mengine hayakuwa na jina, yalikuwa meno tu. Tik, mwaka ambao sikumuuliza chochote. Tik, mwaka mwingine. Nikafika ishirini na manane na gurudumu likawa pale lilipokuwa asubuhi.

Hapo nikasimama.

Yalibaki manne, yale yanayoota mtu akishakuwa mzima. Ishirini na manane nilikuwa nayaondoa kwa sababu niliyaweka mwenyewe, na kuondoa uchafu wako hakuhitaji kumwamini mtu. Haya manne yalikuwa yake. Ushahidi wake ulikuwa sauti yake tu. Kama alisema kweli, nikishusha manne naingia katikati. Kama alidanganya, nazama bondeni, na jioni mkeka unahama. Ubao ulikuwa mbali kama kawaida. Hakuna aliyewahi kwenda kuangalia akarudi na jina lake. Nilikuwa na neno moja la mwanamke na kidole changu juu ya shaba.

Tik.

Nikasikia pumzi yake nyuma yangu, haijabadilika.

Tik. Tik.

Kama kuna kitu kinaitwa kuwepo, nadhani ni hiki: kushusha jino la mwisho kwa neno la mtu ambaye huoni anachokiona.

Tik.

Nikapiga.

Safari hii sikutaja jina langu wala la baba yangu. Nilitaja lake. Sikitu Mwakibibi. Ni refu kidogo kuliko langu, nikadhani limepita, nikadhani risasi imetua na yeye amekaa kimya tena.

"Haina saa," akasema.

Mbaruku aliinua bendera. Watu wakapiga makofi kwa adabu, kama watu waliotaka kuona jambo lingine. Kivuli changu kikatokea chini ya kiwiko, chembamba, jua likaanza kujikokota kuondoka utosini. Ngwali alikuja akanipa mkono, na mkono wake ulikuwa mkavu na wa kweli.

"Hongera, kaka," akasema. Kisha kwa Sikitu: "Shemeji, ile saa baki nayo. Mimi nitapata nyingine."

Sikitu akashukuru. Hakuivua.

Tukakunja mikeka. Yeye alibeba darubini yake begani, mimi nilibeba bunduki, tukatembea kando ya Mstari kuelekea nyumbani, yeye hatua tatu nyuma kwa mazoea. Nikapunguza mwendo ili tuwe sambamba. Naye akapunguza. Alisema tu kwamba ningeuliza tangu ile ya kwanza ningeokoa baruti. Nikasema ndiyo. Tulikuwa tumebaki wawili, kama nilivyotaka, na nilikuwa nimeshinda kile nilichotaka kushinda. Nikatafuta neno dogo, la kupitisha njia.

"Saa ngapi sasa?" nikamuuliza.

Akageuza mkono, akatazama.

"Saa sita," akasema.

Na kabla sijaangalia juu, niliangalia chini.